Mifupa Imedhoofika, Nifanye Zoezi Gani? Kutembea, Vyuma, Kuruka, Tai Chi, Kuogelea na Yoga Kwenye Mizani Moja

Mtu akishaambiwa na daktari kwamba mifupa yake imedhoofika, mashauri humfurikia. Jirani anamkataza kubeba hata ndoo ya maji. Binti yake anamtumia video ya bibi wa miaka sabini akinyanyua vyuma. Shoga yake wa siku nyingi anaapa kwamba kuogelea ndiyo dawa pekee. Wote wanasema kwa mapenzi, na kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, lakini mwenye mifupa yake anabaki njia panda. Wengine huishia kukaa tu, na kukaa ndiko kunakomaliza mifupa haraka kuliko zoezi lolote litakalotajwa hapa.

Mfupa ni kiungo hai. Hubomolewa na kujengwa upya maisha yote, na mpaka karibu miaka 30 ujenzi huwa mbele. Baada ya hapo ubomoaji huanza kutangulia polepole. Kwa mwanamke huongeza kasi hedhi inapokoma, kwa sababu homoni ya estrojeni iliyokuwa ikiuzuia imepungua. Wanaume hawajasalimika, wala vijana wanaomeza prednisoloni, dawa ya kundi la steroidi, kwa miezi mingi kwa ajili ya pumu, lupasi au baridi yabisi. Kipimo cha DXA, eksirei maalumu ya kupima uimara wa mfupa, hutoa namba inayoitwa alama T: ikiwa −2.5 au chini yake, hiyo ni osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kudhoofika. Ikiwa kati ya −1 na −2.5, mifupa imeanza kupungua lakini haijafika huko.

Tupime kwa lipi?

Mifupa dhaifu huvunjika zaidi sehemu tatu: pingili za uti wa mgongo, nyonga, na kifundo cha mkono. Nyonga na kifundo huvunjika karibu kila mara kwa kuanguka. Pingili ni jambo jingine. Zinaweza kubonyea bila mtu kuanguka, kwa kuinama tu na kunyanyua mfuko wa unga. Ndiyo maana swali la "zoezi gani linaimarisha mifupa" halitoshi. Lengo letu ni mtu asivunjike, na kuna njia tatu za kumfikisha huko: kuujenga mfupa, kumzuia asianguke, na kuulinda mgongo usibebe mzigo vibaya. Sijaona zoezi moja linalofanya kazi zote tatu vizuri.

Kwa hiyo kila zoezi hapa chini nitaliuliza maswali yale yale: linafanya nini kwa mfupa, linapunguza kuanguka au la, mgongo unabaki salama kiasi gani, linataka nini mfukoni na mahali, na linamfaa nani.

Kabla ya yote hayo, jiulize kama pingili yako imeshavunjika. Usijibu haraka. Takriban theluthi mbili ya mivunjiko ya pingili hupita bila kugunduliwa. Mtu hudhani ni maumivu ya kawaida ya mgongo, au ni uzee. Kama urefu wako umepungua sentimita 4 au zaidi tangu ujana, kama mgongo umeanza kupinda juu, au kama uliwahi kupata maumivu makali ya ghafla katikati ya mgongo yaliyokaa wiki kadhaa, omba eksirei ya uti wa mgongo ikipigwa ubavuni. Mashine za DXA kwetu ni chache na nyingi ziko miji mikubwa, lakini eksirei ni rahisi zaidi kuipata, na jibu lake linabadilisha karibu kila kitu katika uchaguzi huu.

Kuinama, jambo linalogusa mazoezi yote

Mwaka 1984 watafiti wawili wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, Sinaki na Mikkelsen, walichapisha matokeo ya wanawake 59 waliokwisha koma hedhi na wenye osteoporosisi ya mgongo. Waliopewa mazoezi ya kukunja mgongo kwenda mbele, asilimia 89 walipata mivunjiko mipya ya pingili. Waliopewa mazoezi ya kuunyoosha mgongo kwenda nyuma, asilimia 16. Waliochanganya yote mawili, asilimia 53. Wasiofanya zoezi, asilimia 67. Ni utafiti mdogo, na wa zamani, lakini mpaka leo ndio unaowafanya wataalamu wa fiziotherapia wamkataze mwenye mifupa dhaifu lile zoezi la tumbo la kulala chali na kuinuka mpaka kifua kikaribie magoti. Angalia pia hesabu ile ya wasiofanya chochote. Kupumzika hakukuwaokoa.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu kwetu mgongo haukunjwi kwenye jimu. Unakunjwa uani. Ufagio mfupi wa chelewa, kufua kwenye beseni lililo chini, kupalilia kwa jembe la mpini mfupi, kuosha vyombo umeinama, kumnyanyua mjukuu sakafuni. Mwanamke anaweza kufanya zoezi sahihi dakika ishirini, kisha akatumia saa nne zilizobaki za asubuhi kuvuruga faida yote. Ufungieni ufagio mpini mrefu. Beseni lipandisheni juu ya meza au stuli. Kuokota kitu, rudisha makalio nyuma, kunja magoti, mgongo ubaki umenyooka, na kitu kishikwe karibu na tumbo. Wanaoswali wanalijua umbo hili tayari: rukuu iliyotimia, mgongo sawa, nyonga ndizo zinazokunjika. Sijda ndiyo inayomsumbua mwenye pingili iliyovunjika, na mgonjwa ana ruhusa ya kuswali akiwa amekaa. Asione haya kuvuta kiti.

Sasa mazoezi yenyewe.

Kutembea

*Mfupa.* Wengi hulitarajia mno. Kutembea kunaweza kusaidia kidogo shingo ya fupa la paja kwa mtu anayedumu nako miezi mingi, lakini mgongoni hakuonekani kuongeza kitu cha maana. Sababu yake iko katika kanuni aliyoiandika daktari wa upasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, mwaka 1892: mfupa hujipanga kulingana na mzigo unaoubeba. Mzigo wa kutembea mwili umeuzoea tangu utotoni. Aliyekuwa amelala kitandani atafaidika. Anayekwenda sokoni kwa miguu kila siku mfupa wake hausikii jambo jipya.

*Kuanguka.* Kutembea peke yake hakujathibitika kupunguza kuanguka. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 1997 uliwapa mazoezi ya kutembea haraka wanawake waliowahi kuvunjika mkono, na wakaanguka zaidi kuliko wenzao. Haishangazi, anayetoka nje mara nyingi bila kufundishwa usawa, yaani kusimama bila kuyumba, hukutana na mashimo mara nyingi.

*Mgongo.* Salama, ukitembea umeinua kichwa.

*Mahitaji.* Viatu vyenye soli isiyoteleza, na njia. Njia ndiyo tatizo. Barabara isiyo na sehemu ya waenda kwa miguu, bodaboda zinazopita kila upande, giza la alfajiri. Uwanja wa shule jioni ni bora kuliko kando ya barabara kuu.

*Linamfaa* anayeanza kutoka sifuri, mwenye presha au kisukari anayehitaji moyo na damu vifanye kazi, na mwenye pingili zilizovunjika ambaye hawezi mishindo mikubwa. Kwa mwenye nguvu, kutembea kuwe nyongeza, kusiwe ndio mpango mzima.

Kunyanyua uzito

*Mfupa.* Hapa ndipo ushahidi ulipobadilika sana. Zamani mwenye osteoporosisi aliambiwa asinyanyue zaidi ya kilo chache. Kisha mwaka 2018 ukachapishwa utafiti wa Australia uitwao LIFTMOR. Wanawake 101 waliokwisha koma hedhi, wenye mifupa iliyopungua, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Jingine lilifanya mara mbili kwa wiki, dakika 30 tu kila mara, kwa miezi minane: kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kusukuma chuma juu ya kichwa, kuchuchumaa na chuma mabegani, na kuning'inia kisha kutua kwa mshindo. Uzito ulikuwa zaidi ya asilimia 85 ya ule ambao mtu angeweza kuunyanyua mara moja tu, seti tano za mara tano. Mfupa wa mgongo wa chini uliongezeka asilimia 2.9 kwa wanyanyuaji, na ulipungua asilimia 1.2 kwa wenzao. Tatizo pekee lililoripotiwa katika kundi la vyuma lilikuwa misuli ya kiuno iliyokaza kidogo kwa mtu mmoja.

Usiifunge taarifa hiyo ukakimbilia jimu. Wanawake wale walichujwa kiafya kwanza, walianza na uzito mdogo wakafundishwa umbo la kila tendo, na mtaalamu alisimama nao kila kipindi. Uzito mkubwa bila jicho la mjuzi si utafiti ule tena.

*Kuanguka.* Miguu yenye nguvu hukamata mwili unaoyumba, lakini misuli peke yake haitoshi. Ikichanganywa na mazoezi ya usawa ndipo matokeo huwa mazuri zaidi.

*Mgongo.* Inategemea umbo kabisa. Chuma kikinyanyuliwa mgongo ukiwa umenyooka na karibu na mwili, misuli inayozunguka uti ndiyo inayobeba. Mgongo ukipinda, pingili ndizo zinazobeba. Usizuie pumzi wakati wa kusukuma, hasa ukiwa na presha. Toa pumzi unapoinua.

*Mahitaji.* Jimu yenye mwalimu anayejua neno osteoporosisi, jambo ambalo si la kudhania. Muulize kabla ya kulipa: "Mteja mwenye mifupa dhaifu unampa mazoezi gani, na yapi humpi?" Akishindwa kutaja hata moja asilompa, ondoka. Nyumbani inawezekana kuanza na dumu la lita 5 lililojaa maji, ambalo ni kama kilo 5, au vipande vya mpira wa ndani wa tairi, ule wa kufungia mizigo kwenye baiskeli. Kusimama kutoka kitini bila kushika, mara nane hadi kumi na mbili. Kusukuma ukuta. Kuvuta mpira uliofungwa kwenye nguzo imara ukileta viwiko nyuma. Uzito uwe ule unaokuchosha ukifika mara ya kumi, ikizoeleka, ongeza. Kosa kubwa la mazoezi ya nyumbani ni kubaki na dumu lile lile mwaka mzima. Mfupa ukishalizoea, haujibu tena.

*Linamfaa* mwenye alama T yoyote ambaye hana mvunjiko mpya na anaweza kupata mtu wa kumfundisha. Mwenye pingili zilizovunjika naye anaweza, lakini kwa uzito mdogo, bila kuinua juu ya kichwa mwanzoni, na chini ya mtaalamu wa fiziotherapia.

Kuruka na mishindo

*Mfupa.* Mfupa hupenda mzigo wa ghafla na wa muda mfupi. Wataalamu wa Uingereza waliokubaliana mwongozo kupitia shirika la Royal Osteoporosis Society wanapendekeza mishindo ya wastani kama 50 siku nyingi za wiki, iliyogawanywa katika mafungu madogo yenye mapumziko. Kuruka kidogo papo hapo, kuruka kamba, kukimbia polepole, yote huhesabika. Faida huonekana zaidi nyongani, na hudumu ikiwa unaendelea; ukiacha, mfupa nao unarudi ulikokuwa ukielekea.

*Kuanguka.* Ngoma na dansi, zenye kukanyaga na kugeuka, hufundisha usawa pia. Kuruka papo hapo hakufundishi sana.

*Mgongo.* Kwa mwenye pingili iliyovunjika, mishindo ya wastani haipendekezwi. Mwongozo ule ule unampa takriban dakika 20 za mazoezi ya mshindo mdogo kama kutembea kwa kasi. Mwenye goti lililolika, au anayevujwa na mkojo akiruka, naye aseme mapema, kwa sababu la mkojo lina mazoezi yake na halipaswi kumfanya mtu ajifungie ndani kwa aibu.

*Mahitaji.* Karibu hakuna. Sakafu isiyoteleza na kitu cha kushika. Anza kwa kujiinua kwa vidole vya miguu kisha kudondosha visigino chini, halafu kukanyaga kwa nguvu, halafu vijiruko vifupi. Kila hatua ikae wiki kadhaa.

*Linamfaa* mwanamke wa miaka hamsini na kitu ambaye ndiyo kwanza hedhi imekoma, na mwanamume au kijana anayetumia prednisoloni ambaye bado ana nguvu na hajavunjika.

Tai chi na mazoezi ya usawa

*Mfupa.* Tai chi, mazoezi ya Kichina ya miendo ya polepole, huujenga kidogo sana. Asiyekubali hili atavunjika moyo akirudia DXA.

*Kuanguka.* Hapa hakuna linaloyafikia. Mapitio makubwa ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kuchambua tafiti za afya, yaliyokusanya tafiti 108 na watu zaidi ya 23,000, yalikuta mazoezi kwa jumla yanapunguza kuanguka kwa karibu asilimia 23. Ya usawa na matendo ya kila siku yalipunguza asilimia 24. Yaliyochanganya usawa na kunyanyua uzito, asilimia 34. Tai chi, karibu asilimia 19. Kuna pia mpango wa Otago kutoka New Zealand, uliotungwa wazee wafanye nyumbani wakitembelewa na mtaalamu, wenye mazoezi ya miguu, usawa na kutembea. Tafiti za mwanzo zilionyesha kuanguka kunapungua kwa asilimia 35. Kwa bibi wa miaka themanini, hesabu hizo zina uzito kuliko asilimia mbili za mfupa.

*Mgongo.* Salama, karibu kwa kila mtu.

*Mahitaji.* Walimu wa tai chi kwetu wanapatikana kwa shida nje ya miji mikubwa, lakini kanuni yake haihitaji mwalimu wa mbali. Simama karibu na meza nzito, inua mguu mmoja, hesabu hadi kumi, badilisha. Tembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Tembea ubavuubavu. Simama kutoka kitini, zunguka, keti. Zoezi lisipokuyumbisha kidogo halikufundishi, ila mkono uwe karibu na meza, na mtu awe ndani ya nyumba. Lengo liwe kufikia saa tatu kwa wiki, zikigawanywa siku nyingi.

*Linamfaa* aliyeanguka ndani ya mwaka uliopita, mwenye umri mkubwa, anayetumia dawa za usingizi au za presha zinazomtia kizunguzungu, na kila mtu aliyepita miaka 65 hata kama anajiona imara.

Kuogelea na baiskeli

*Mfupa.* Maji hubeba mwili na tandiko la baiskeli hubeba mwili, mfupa unapumzika. Wanaanga, ambao hawabebi uzito wao kabisa, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Bwawa si anga za juu, lakini linafuata upande ule ule wa hoja.

*Kuanguka.* Mazoezi ya kusimama ndani ya maji yanaweza kusaidia usawa. Baiskeli yenyewe inaangusha, na kuangukia lami kutoka kwenye baiskeli ni njia ya moja kwa moja ya kuvunja nyonga. Baiskeli ya mazoezi ya ndani, isiyotembea, haina hatari hiyo, mradi usiinamie mpini.

*Mgongo.* Maji ni rafiki mkubwa wa mgongo unaouma.

*Mahitaji.* Bwawa lina kiingilio. Bahari haina, lakini mawimbi yanayokupiga magotini na mawe yenye mwani yanataka tahadhari. Ingia maji yakiwa yametulia, na usiwe peke yako.

*Linamfaa* mwenye maumivu makali ya magoti, nyonga au mgongo, ambaye nchi kavu hawezi kufanya chochote. Kwake maji ni mlango. Miguu ikipata nguvu, aanze kutoka nje taratibu.

Yoga, pilatesi na kunyoosha mgongo

*Mfupa.* Ushahidi ni mwembamba.

*Kuanguka.* Mikao ya kusimama kwa mguu mmoja husaidia usawa.

*Mgongo.* Hapa ndipo wema na ubaya vimelala kitanda kimoja. Mikao ya kukunja mgongo mpaka mwisho, kujisokota kwa nguvu, na kubebea mwili shingoni au mabegani imeripotiwa kuvunja pingili, hata kwa watu ambao mifupa yao haijafika osteoporosisi. Lakini kulala kifudifudi na kuinua kifua kidogo kutoka kwenye mkeka, au kukaa wima na kubana mabega nyuma, ndilo kundi lile la asilimia 16 la mwaka 1984. Hilo lifanywe na kila mwenye mifupa dhaifu siku nyingi za wiki, kwa upole, bila kujilazimisha. Anayemeza alendroneti, dawa ya mifupa, akumbuke kwamba haruhusiwi kulala kwa nusu saa baada ya dawa, basi la kifudifudi lisubiri.

*Mahitaji.* Mkeka, na mwalimu anayekubali kubadilisha mikao. Video za mtandaoni hazikujui wala hazioni mgongo wako.

*Linamfaa* mwenye mgongo uliokaza au unaoanza kupinda, akiondoa mikao niliyoitaja.

Wewe uko wapi?

Hakuna kati ya haya linalochukua nafasi ya dawa daktari akiiandika, wala ya chakula. Mtu mwenye alama T ya −3 anayekataa dawa kwa sababu ameanza vyuma amejinyima ulinzi mkubwa. Baada ya hapo, uchaguzi unafuata hali.

Kama hedhi imekoma miaka michache iliyopita, mifupa imepungua kidogo, na hujawahi kuvunjika: anza na uzito mara mbili kwa wiki na mishindo siku nyingi. Una muda na nguvu za kujenga, na ndio wakati mfupa unapopotea kwa kasi.

Kama alama T ni −2.5 au chini, eksirei ni safi, na unaweza kumpata mtaalamu: uzito unaoongezeka chini ya jicho lake, na usawa juu yake. Kama mtaalamu hapatikani, chukua uzito wa wastani wa nyumbani na usiige vyuma vya LIFTMOR peke yako.

Kama pingili imeshavunjika, kunyoosha mgongo, usawa na kutembea ndiyo msingi, na kubadilisha namna ya kufagia na kufua ni sehemu ya tiba. Maumivu mapya ya ghafla ya mgongo yanamaanisha kuacha zoezi na kurudi hospitali.

Kama umepita miaka 75 au umeanguka mwaka huu, usawa uwe wa kwanza, na kusimama kutoka kitini kuwe kwa pili. Nyumba nayo ichunguzwe: kapeti linaloteleza, taa ya njia ya chooni, ngazi isiyo na pa kushika. Macho yapimwe.

Kama wewe ni mkulima, au unapika na kuuza chakula toka alfajiri, uzito unaubeba tayari, na mwingi. Usitafute zoezi la kuongeza mzigo. Tafuta umbo: jembe la mpini mrefu, ndoo mbili za lita 10 mikononi badala ya moja ya lita 20, na dakika kumi za kunyoosha mgongo kabla ya kulala.

Kama unatumia prednisoloni, au dawa za VVU zenye tenofoviri, usiache dawa kwa kuogopa mifupa. Muulize daktari wako kuhusu kipimo, na anza uzito na mishindo mapema, kwa kuwa mfupa mwingi hupotea miezi ya mwanzo ya steroidi.

Na kama uko mbali na kila mtaalamu, kwenye kituo cha afya ambacho hakina fiziotherapia, chagua matatu yasiyohitaji mtu: kusimama kutoka kitini, kusimama kwa mguu mmoja karibu na meza, na kulala kifudifudi ukiinua kifua. Yafanye siku nyingi za wiki. Mzunguko wa mfupa kubomolewa na kujengwa huchukua miezi minne hadi sita, kwa hiyo usirudie kipimo kabla ya mwaka kupita. Utakachokiona mapema ni kwamba unainuka kitini bila kushika.